Hakimu Asiyeruhusiwa Kumsemea Ndugu Yake

Hakimu wa mji wa Perley hakusomea sheria. Leland Rabideau alisomea kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, na kazi hiyo aliifanya kila siku, isipokuwa Jumanne jioni alipovaa joho jeusi juu ya suruali yake ya kazi na kukaa nyuma ya meza katika jengo la mji. Ukuta mmoja wa ukumbi ule ulipakana na gereji ya magari ya kusukuma theluji, na miezi ya baridi mashahidi walinyamaza mpaka dereva amalize kupasha injini moto. Huko kaskazini mwa jimbo la New York, mahali ambapo ukitembea mashamba kadhaa unaingia Kanada, hakuna aliyeona ajabu. Mji unataka hakimu. Watu wanampigia kura jirani wanayemwamini. Jirani anapelekwa kozi fupi, anarudi na cheti na kitabu cha maadili. Mwendo kasi, mbwa aliyeng'ata mtu, mpangaji asiyelipa, mlevi aliyevunja kioo cha baa: hayo ndiyo yake. Mambo mazito yanapanda kwenda mahakama ya kaunti, na kutoka hapo yanaendelea kupanda ngazi za jimbo.

Kando ya ngazi hiyo kuna nyingine, ya shirikisho. Ina majaji wake, magereza yake na polisi wake. Majaji wale hawapigiwi kura na mtu. Wakishateuliwa wamekaa maisha. Watu wa Perley walikuwa wakiisikia ngazi hiyo kama wanavyosikia treni ya mizigo, ipo lakini inapita mbali. Ila mpaka ni wa shirikisho, na kinachovuka mpaka ni chake.

Leland alikuwa amefiwa na mkewe, mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama, na watu walimpenda kwa sababu alipokutoza faini alikutazama usoni. Kitabu cha maadili alikichukulia kama wengine wanavyochukulia dini. Hakuweka bango la mgombea uani kwake. Hakuuza tikiti za bahati nasibu za kikosi cha zimamoto, ingawa kila mwanaume mwingine wa mji aliziuza. Asubuhi za Jumapili, kanisa lilipopika chapati za maji na sirapu ya mti, alikula amesimama karibu na mlango, ili mtu akianza kusema, "Leland, ile kesi yangu..." aweze kutoka nje na sahani yake.

Nyumba yake na ya mdogo wake Gerard, ambaye kila mtu alimwita Gerry, zilitenganishwa na shamba moja la mahindi. Gerry ndiye aliyerithi ng'ombe. Bei ya maziwa ilipoanguka akawa mtu wa kucheka kidogo. Kisha, baada ya Krismasi, Leland akaanza kusikia malori. Yalipita kwenye njia ya nyuma ya shamba la mdogo wake, taa zimezimwa, yakitoka upande ambao hakuna kitu ila Kanada. Leland alilala kitandani akisikiliza. Hakwenda dirishani. Aliwasha redio ndogo iliyo kando ya mto wake, akaongeza sauti mpaka malori yakamezwa na watu waliokuwa wakibishana kuhusu mpira wa magongo.

Mwezi wa pili, asubuhi moja kabla ng'ombe hawajamalizwa kukamuliwa, polisi wa jimbo walisimamisha lori kwenye barabara ya Perley. Lilikuwa limejaa tumbaku isiyolipiwa ushuru, na aliyeshika usukani alikuwa Gerry. Sheria inataka mtu asomewe mashtaka mbele ya hakimu wa karibu. Hakimu wa karibu alikuwa Leland.

Polisi kijana alimleta mpaka ukumbini akiwa na pingu. Karani wa mahakama, Bev Lashomb, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia, aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Mungu wangu, Gerry! Na mabuti yenye mavi ya ng'ombe?"

"Sikujua kama ninakuja kwenye harusi, Bev."

Leland hakuvaa hata joho. "Siwezi kuigusa kesi hii," alisema. "Huyu ni ndugu yangu. Bev, mpigie hakimu wa Fenton aje."

"Fenton ni mbali, na barabara ni barafu tupu."

"Mpigie."

Wakasubiri. Hakimu wa Fenton alikuwa bado njiani wakati maofisa wa shirikisho walipoingia, wawili, viatu vyao safi, wakasema kesi hii sasa ni yao. Ya jimbo ikafutwa. Gerry akapelekwa kwenye jengo ambamo hakuna mtu aliyemfahamu, kisha akarudishwa nyumbani kwa dhamana, na mji mzima ukaanza kuhesabu ile saa moja ya kusubiri.

Aliyeihesabu zaidi alikuwa Noreen, mke wa Gerry. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuja jikoni kwa Leland bila kubisha hodi.

"Ungemsomea mashtaka mwenyewe, shemeji, ungempiga faini, angekuwa kwenye zizi kabla ya kifungua kinywa."

"Wangemchukua tu, Noreen. Kesi ya mjini haizuii ya shirikisho. Ni nyumba mbili, kila moja na ufunguo wake."

"Usinifundishe. Wewe ulimfungulia mlango."

Gerry alikiri kosa. Alikiri safari moja, ile aliyokamatwa nayo. Wakili wa serikali aliamini zilikuwa nyingi, lakini hakuwa na wa kuthibitisha, na katika mahakama ile kila safari inaongeza uzito wa adhabu. Noreen naye aliamini ilikuwa moja. Ndivyo mumewe alivyomwambia: shida, jaribu moja, bahati mbaya.

Kiangazi kilipita hivyo, mahindi yakarefuka kati ya nyumba mbili, na ilipokaribia siku ya hukumu wakili wa Gerry alieleza kwamba jaji huwaruhusu ndugu na marafiki kusimama na kumsemea mtu. Noreen akakusanya watu: mchungaji, daktari wa mifugo, mkuu wa zimamoto. Kisha akarudi jikoni kwa shemeji yake.

"Nataka usimame wewe. Wengine ni maneno tu. Wewe ni hakimu."

"Ndiyo sababu siwezi. Kitabu kinasema hakimu hajitolei kumshuhudia mtu tabia. Ni kama kukipeleka kiti changu kikamwombee Gerry."

"Kiti!" Noreen alicheka bila furaha. "Mama yenu alipougua, ni nani aliyembeba kwenda bafuni kila siku? Kiti?"

"Gerry."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini."

"Basi sema hivyo tu! Nani atakukamata kwa kusema kweli?"

Leland aligeuza kikombe chake mezani. Alichomwambia kilikuwa kweli. Kanuni ipo, imeandikwa. Lakini nyuma ya kanuni hiyo alikuwa amejibanza mtu mwingine, yule aliyeongeza sauti ya redio. Akisimama pale ataapishwa, na akiapishwa anaweza kuulizwa chochote. Akimweleza wakili wa Gerry sababu ya kutotaka kusimama, atakuwa ameshayataja malori yenyewe. Akimweleza Noreen, atakuwa amemvunjia mdogo wake nyumba kabla jaji hajamfunga. Akaona afadhali shemeji yake amchukie.

Na Noreen alimchukia kwa bidii. Aliacha kumpelekea pai. Kwenye duka la vyakula alisukuma kigari chake kumpita kama anayepita nguzo. Watu wakachukua upande, kimyakimya, kama wanavyofanya huko: salamu zilibaki zilezile ila fupi zaidi, na asubuhi moja Leland alikuta hakuna aliyesukuma theluji ya kwanza mlangoni kwake, kazi ambayo siku zote ilifanywa na mtu asiyejitaja.

Alichosahau ni kwamba kitabu cha maadili si siri. Wakili wa Gerry, Bi. Pell, mwanamke kijana wa Albany, mji mkuu wa jimbo, anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo, alikuwa amekisoma pia. Hakimu haruhusiwi kujitolea. Akiitwa kwa hati ya mahakama, si kujitolea tena, ni kutii.

Jumanne moja Leland alikuwa katikati ya kesi ya mbwa. Mwenye mbwa alikuwa akieleza kwamba aliyeng'atwa ndiye aliyeanza, mlango ukafunguka, akaingia askari wa kaunti na karatasi mkononi, kofia kwapani.

"Samahani, Mheshimiwa. Ni yako."

"Mpe Bev."

"Haiwezekani. Lazima nikukabidhi mwenyewe."

Ukumbi mzima ukageuka. Leland, ambaye aliwatuma askari hao hao na karatasi kama hizo kwa nusu ya watu waliokaa pale, alinyoosha mkono akaipokea. Bev aliinua miwani yake akasoma kutoka alipo.

"Albany," alisema. "Shirikisho. Sasa umepata ulichokitaka, Mheshimiwa. Umeamriwa kumpenda ndugu yako."

Watu wakacheka, na mwenye mbwa akacheka zaidi, akidhani mambo yake yamekuwa mepesi. Mwisho wa barabara Noreen alikuwa amepaki gari akingoja aone. Alipomwona Leland akitoka, alishusha kioo akampungia mkono, mara ya kwanza tangu kiangazi. Kesho yake pai ya tufaha ilikuwa juu ya ngazi za mlango wake. Hakuweza kuila.

Alimfuata Gerry zizini wakati wa kukamua jioni, mashine zikinguruma, mahali ambapo Noreen asingeweza kusikia.

"Utasema nini?" Gerry aliuliza bila kugeuka. Alikuwa akipangusa chuchu za ng'ombe kwa kitambaa.

"Watakachoniuliza."

"Kama nini?"

"Chumba changu kinatazama njia yako ya nyuma, Gerry."

Gerry alinyanyua kichwa. Kisha akacheka, kicheko cha utotoni ambacho Leland hakuwa amekisikia muda mrefu. "Nami niliona taa yako ya redio. Nikasema, afadhali, jamaa amelala."

"Mwambie Bi. Pell aifute hati."

"Nimwambie Noreen nimeifuta kwa nini? Amezunguka kaunti nzima akijisifu. Shemeji yangu hakimu, shemeji yangu hakimu." Alihamia kwa ng'ombe mwingine. "Labda hawatauliza."

"Wewe ungekuwa wao?"

"Mimi ningekuuliza hata rangi ya lori."

"Basi mweleze mkeo kwanza. Asisikie kwangu."

"Nitamweleza."

Hakumweleza. Leland alilijua hilo siku ya safari ya Albany, walipopanda watatu kwenye pikapu yake kuukuu yenye kiti kimoja kirefu, Leland kwenye usukani, Noreen katikati amevaa nguo yake ya kanisani, Gerry dirishani na tai iliyomkaba. Noreen aliongea njia nzima. Alimfundisha shemeji yake la kusema: mama, bafuni, ule moto wa ghala la kina Duprey ambapo Gerry aliingia kuwatoa ndama. Kila alipomaliza alimpiga Leland kofi dogo la goti.

"Usinung'unike kama unavyonung'unika. Ongea kama unaponitoza faini ya mwendo."

"Sijawahi kukutoza."

"Kwa sababu hukuwahi kunikamata."

Mahakama ya shirikisho haipakani na gereji. Kuna marumaru, dari ambayo sauti inakwenda na hairudi, na jaji anayekaa juu mno kiasi kwamba unamjibu ukiwa umeinua kidevu. Alikuwa mwanamke mwenye mvi fupi. Hakuwa na haja ya kura ya mtu yeyote ndani ya chumba kile, wala hangekutana na yeyote kati yao dukani. Leland, nadhani, alimwonea wivu.

Mchungaji alisema. Daktari wa mifugo alisema. Leland akaitwa, akainua mkono, akaapa. Alisema kuhusu mama yao, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa kazini. Alisema kuhusu ndama wa kina Duprey. Alisema vizuri, bila kunung'unika, na Noreen aliyekaa benchi la mbele alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno kana kwamba analihesabu.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, nyumba yako iko karibu na shamba la mshtakiwa?"

"Jirani."

"Msimu ule wa baridi uliwahi kusikia malori kwenye shamba lake? Kabla ya siku aliyokamatwa?"

Bi. Pell alisimama kupinga. Jaji akamkalisha kwa kiganja. Leland alitazama mikono yake. Alikuwa amekaa upande wa pili wa swali kama hilo mara nyingi, akiwatazama watu wazima wakitafuta njia kati ya kweli na nyumba zao, na siku zote alikuwa akijiuliza wanachelewa nini.

"Ndiyo," alisema.

"Mara moja?"

"Zaidi."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Niliwasha redio."

Jaji mwenyewe ndiye aliyeinama mbele. "Bwana Rabideau, wewe ni hakimu. Kwa nini uliwasha redio?"

"Nikiwa kitandani, Mheshimiwa, nilikuwa kaka yake. Ningesimama dirishani ningekuwa hakimu."

"Na leo?"

"Leo nimeitwa."

Jaji aliandika kitu, akamwambia ashuke. Leland alipopita kwenye benchi la mbele Noreen hakusogeza magoti yake. Ilimbidi ayaruke.

Serikali ilikuwa imeomba miaka. Jaji aliongea polepole. Alisema ameyasikia malori, na ameyasikia pia mengine, na kwamba familia iliyomleta shahidi wa namna ile haikuwa imekuja kumdanganya. Kisha akataja adhabu: mwaka mmoja na siku moja. Gerry aende nyumbani, apange mambo ya ng'ombe, ajipeleke mwenyewe gerezani baada ya mwaka mpya. Nyundo haikupigwa, huko juu hawana haja nayo. Bi. Pell aliwashika mikono wote kwa haraka, akasema atapiga simu, akakimbilia chumba cha pili ambako mtu mwingine alikuwa akimngoja na minyororo miguuni.

Kwa hiyo walirudi watatu kama walivyokuja, kwenye kiti kilekile kimoja, Noreen katikati. Hakuna aliyewasha redio. Albany ikaisha, misitu ikaanza, mvua ya barafu ikaanza kugonga kioo. Walikuwa wamekwenda mbali ndipo Noreen alipofungua mdomo.

"Mwaka nauelewa," alisema, akitazama barabara. "Siku moja ni ya nini?"

"Shemeji..."

"Mwaka haukumtosha? Akaona aongeze na siku, ya kutukomoa. Hiyo siku ni yako, Leland. Umemnunulia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Hiyo siku ndiyo huruma yenyewe," Leland alisema. "Katika magereza yao, aliyefungwa mwaka kamili anaukaa wote. Ukizidi mwaka, hata kwa siku, anapunguziwa kwa tabia njema. Kwa ile siku atatoka kabla mwaka haujaisha. Amempa mlango."

"Lazima useme hivyo."

"Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo."

"Wewe kila kitu ndivyo kilivyo! Anakuongezea siku uone umepunguziwa. Mimi nimekamua ng'ombe maisha yangu yote, sijawahi kuongeza maji nikapata maziwa zaidi."

Gerry alitoa sauti kama ya kikohozi. Leland alikaza mikono kwenye usukani. Alikuwa amempa mwanamke huyu kweli mbili tu siku ile. Ya kwanza ilimvunja moyo, na ya pili, iliyokuwa njema, haikuaminika kwa sababu ilitoka kinywa kilekile.

Simu ya Noreen iliita kwenye mkoba. Alikuwa Bi. Pell, na sauti yake ilijaa chumba kidogo cha pikapu: walikuwa na bahati sana, ile siku moja ilikuwa zawadi, hakuitegemea kabisa baada ya yale malori, tabia njema, na ng'ombe watamwona Gerry kabla ya baridi nyingine. Noreen alisema asante. Akairudisha simu kwenye mkoba, akaufunga mkoba, akaushika kwa mikono miwili.

Hakumgeukia Leland. Alimgeukia mumewe.

"Ni tangu lini?"

Gerry alifuta ukungu kwenye kioo chake. "Krismasi."

"Kabla au baada?"

"Baada. Siku chache."

"Ile sweta nyekundu uliyoninunulia."

"Hapana. Sweta ilikuwa ya pesa za maziwa, naapa."

"Usiape. Katika gari hili leo asiape mtu." Alijaribu kusogea mbali naye akagusana bega na Leland, akajaribu kusogea mbali na Leland akagusana na Gerry. Alibaki amejibana, mabega yamekusanyika, kama mtu aliyeshikwa kati ya milango miwili. "Mmoja anayajua malori kwa sababu ni yake. Mwingine anayajua kwa sababu anayasikia. Na mimi ninalala katikati yenu nyote wawili msimu mzima, nikiota mvua na theluji, sijui lolote."

"Noreen..." Gerry alianza.

"Shemeji, simamisha gari."

"Hapa? Hakuna kitu hapa."

"Simamisha."

Leland alivuta pembeni. Ilimbidi Gerry ashuke kwanza ili mkewe apite. Noreen alitembea kando ya barabara na viatu vyake vya kanisani, akiipita miti, nguo ikilowa barafu, mpaka mwanga wa taa ukaanza kumpoteza. Ndugu wawili walimtazama kupitia kioo kinachofutwa. Hakuna aliyemfuata, wote walimjua.

"Nitaandika barua ya kujiuzulu," Leland alisema. "Wapate hakimu mwingine."

"Nani? Mwenye mbwa?"

Jumanne ilikuwa kesho, na orodha ya kesi Bev alikuwa ameshaibandika mlangoni.

Noreen alirudi. Hakukuwa na pengine pa kwenda. Nyumbani kulikuwa mbele, ng'ombe walikuwa wamejaa maziwa, na jirani aliyeombwa kuwakamua hakuwa mtu wa kutegemewa. Alifika mlangoni, Gerry akashuka ampishe apande.

"Hapana," Noreen alisema. "Panda wewe. Kaa katikati."

Gerry akapanda. Magoti yake marefu hayakupata mahali, moja lilibanwa na mkono wa gia, na kila Leland alipobadilisha gia ilimbidi amsukume mdogo wake mguu kwa ngumi. Noreen alifunga mlango, akaegemeza kichwa kwenye kioo chake mwenyewe, na pikapu ikaendelea kupanda kaskazini.